Siku Niliyojifunga Kamba ya Tanga Kiunoni

Wanaoniita Kapteni hapa Tarime msidhani wananiheshimu. Jina hilo nilipewa siku moja kwenye kiwanja cha malori, mbele ya watu wote waliokuja mnadani na mbele ya mama mkwe wangu mwenyewe, na nguo niliyokuwa nimeifunga kiunoni wakati napewa haikuwa yangu. Ninaisimulia mwenyewe leo kwa sababu nimechoka kuisikia ikisimuliwa na watu ambao hawakuwepo (kuna mmoja kule Sirari anaapa kwamba nilipaa mpaka juu ya paa la kituo cha mafuta, huo ni uongo mtupu, mimi sikuiacha ile boti hata kidogo, shida yangu ilikuwa kwamba ile boti haikutaka kuniacha mimi).

Mimi kazi yangu ni milango ya chuma ya madukani, ile inayojiviringa juu asubuhi na kushuka jioni kwa kelele kama treni. Naitengeneza, naifunga, na ikikwama naikwamua. Ukitembea barabara kuu ya hapa mjini, katika kila maduka matatu mawili ni mkono wangu. Kwa hiyo kitu chochote kinachojiviringa kwenye bomba mimi nakihesabu kama ndugu yangu wa damu, na hapo ndipo ugonjwa ulipoanzia.

Ilikuwa siku ya mnada, saa saba mchana hivi, jua kali la kuashiria mvua. Nilikuwa nimevaa suruali yangu ya kitambaa, ile ya kanisani, kwa sababu mke wangu Bhoke alikuwa amenionya tangu asubuhi: mama yake anakuja kutoka Susuni kuuza viazi vitamu, na ni lazima niende nikamsalimie nikiwa mtu, nisiende nimepakaa grisi kama nguruwe. Sasa ninyi mnajua mambo ya mama mkwe kwetu. Hukai naye karibu, humtazami usoni, humtanii, unamsalimia ukiwa umesimama kwa mbali na macho yako chini, halafu unaondoka kabla hujaharibu kitu. Nilikuwa naenda kufanya hivyo tu. Dakika tano.

Nilipofika kona ya kiwanja cha malori nikaona watu wamejaa, na juu ya vichwa vyao kuna mti wa bati.

Nasema mti wa bati kwa sababu ndivyo nilivyoona. Nguzo nyeupe ya chuma chepesi, ndefu kuliko nguzo ya umeme, imesimama wima katikati ya malori, na nyaya zinashuka kutoka kileleni kwenda pande zote. Nikapenya. Chini ya nguzo kulikuwa na boti. Boti kabisa, nyeupe, ina tumbo na mgongo na madirisha madogo ya duara, imekaa juu ya tela la magurudumu mawili, mahali ambapo jana yake nilikuwa nimeona lori la vitunguu. Jamani, mimi nimezaliwa kwenye migomba, ziwa nililiona nikiwa na miaka kumi na tisa tena kwa dirisha la basi. Nilisimama pale mdomo wazi. Kilikuwa kitu kizuri. Hakikuwa na kona hata moja, kila mstari wake uliingia kwenye mwingine kama pembe ya ng'ombe inavyoota, na nikajikuta nimetoa kofia bila kujua nimemtolea nani.

Mwenye boti alikuwa mwanamke wa miaka arobaini na kitu, mfupi, mikono minene ya kazi, amekaa juu kabisa kwenye pua ya ile boti anahangaika na kitu. Aliitwa dada Nyangi. Nilipomsikia akiongea nikajua ni mtu wa Serengeti, na kweli, kwao ni Mbalibali, amekua akichunga ng'ombe wa baba yake mahali ambapo maji mengi kuliko yote ni lambo. Halafu akaenda Mombasa kutafuta kazi za nyumbani, akaishia kufundishwa kuendesha boti za tanga na watu aliokuwa akiwapikia, akazifanyia kazi miaka kumi na mitano, mpaka akapata ya kwake, kuukuu, aliyoinunua Kisumu. Alikuwa anaivuta kuipeleka Kinesi ili awe anatembeza wageni ziwani. Wageni wa kwanza walikuwa wanakuja baada ya siku mbili. Lakini pikapu iliyokuwa inavuta tela ilikuwa imelia beringi kuanzia Sirari, ikabidi ifunguliwe na kupelekwa gereji, na boti ikabaki pale peke yake imewekewa mawe kwenye magurudumu.

"Nikasema basi nisikae bure," akaniambia, "nisimamishe mlingoti niangalie hili tanga la mbele. Lilikwama tangu kule Kisumu. Halifunguki lote, halikunjiki lote."

Tanga lenyewe lilikuwa limejiviringa kwenye waya mrefu unaotoka kwenye pua ya boti kwenda juu ya mlingoti, limejikunja jembamba kama jani changa la mgomba kabla halijafunguka, na kipande kidogo tu kama aproni kilikuwa kimebaki nje. Chini ya waya, pale puani, kulikuwa na kitu cha duara kama kopo la rangi lililolala, kamba imezungushwa ndani yake. Ukivuta kamba, kopo linazunguka, waya unazunguka, tanga linajikunja.

Jamani, roho yangu iliruka. Lile lilikuwa rola! Lilikuwa mlango wa duka uliosimama wima!

"Fundi, unaijua kitu kama hii?" dada Nyangi akauliza, maana watu walikuwa wameshamwambia kwamba yule pale ni fundi.

Ningesema sijui. Neno lenyewe ni fupi, lina silabi tatu tu, na lingeniacha niende kumsalimia mama mkwe wangu kwa amani. Lakini watu walikuwa wamegeuka wananitazama, watu wa mji wangu, na ile boti nzuri ilikuwa pale mbele yangu, na mimi nikavuta pumzi nikasema:

"Hiyo naijua sana."

Akanitazama. Pembeni yake alikuwa amesimama dereva wake, Otieno, mtu wa Kisumu, mrefu, wa maneno mengi. Akasema, "Wewe fundi, unaijua kabisa ama unatubeba ujinga tu?"

"Naijua," nikasema. (Uongo ukishautoa mara moja, wa pili unajitokeza wenyewe.)

Basi nikapanda. Dada Nyangi akanielekeza vizuri tu, sitamsingizia. Akaniambia tanga lile usilione limelala, ni kama ng'ombe dume, limefungwa na hiki kikamba kidogo katikati, usikifungue. Akaniambia zile kamba mbili zinazoning'inia kutoka kwenye pembe ya tanga zinaitwa demani, ndizo hulivuta likiwa kazini, zikiwa huru tanga halina nguvu, kwa hiyo ziache huru. Simu yake ikalia, gereji wanamtaka aje aone beringi yenyewe kabla hawajaigonga. Akasema, "Wewe angalia tu hilo kopo kama lina mchanga ndani. Angalia tu. Narudi sasa hivi." Wakapanda pikipiki yeye na Otieno, wakaondoka.

Angalia tu. Nililisikia kabisa neno hilo. Lakini mtu aliyesema "naijua sana" mbele ya watu sitini hawezi kukaa juu ya boti anaangalia tu.

Nikaanza kwa kupanga vitu. Mimi ni mtu wa usafi, kazi yangu ni ya usafi. Zile kamba mbili, demani, zilikuwa zinaning'inia ovyo kwenye sakafu ya boti, nikaona ni uchafu, nikazivuta zikakaza na nikazifunga kwenye vyuma viwili pembeni, fundo la kweli, la kufungia ng'ombe. Nikashuka kuchukua ngazi nifikie kopo kwa upande wa mbele, ngazi ikawa inacheza kwa sababu kiwanja kile kina mteremko, nikatafuta jiwe la kuweka chini ya mguu wake, na jiwe lililokuwa karibu na lenye kimo kizuri lilikuwa lile la chini ya gurudumu la kulia. (Mnacheka. Chekeni tu. Mimi niliona kuna jingine kwenye gurudumu la kushoto, linatosha.)

Kopo halikuwa na mchanga. Lilizunguka vizuri, robo mzunguko kwenda na robo kurudi, halafu likagoma, na mgomo wake ulikuwa wa ajabu, haukuwa mgomo wa kitu kilichokwama kwa uchafu, ulikuwa kama mtu anashika kwa juu. Mwenye akili angenyanyua macho. Mimi nilizidi kuinama. Milango yangu yote ikikwama inakwamia kwenye rola, kwa hiyo na hii itakuwa kwenye rola, nikatia mafuta, nikagonga, nikatia mafuta tena.

Hapo ndipo sauti ya mwanamke ikasema kwa chini yangu, kwa kupaza kidogo, "Huyo si mkwe wangu?"

Nikageuka. Mama mkwe alikuwa ameshusha magunia yake ya viazi pale chini ya mteremko, hatua kama thelathini hivi mbele ya pua ya boti, yeye na wanawake wengine watatu wa Susuni, wamepanga mafungu yao kwenye viroba. Hakuwa ananitazama mimi, kwa heshima, alikuwa anawaambia wenzake huku anatazama pembeni.

"Shikamoo mama," nikasema kutoka juu ya ngazi.

"Marahaba. Kumbe na boti unatengeneza?"

Sauti yake ilikuwa na sifa ndani yake. Miaka sita nimemuoa binti yake na sikuwahi kuisikia sauti hiyo. Kama kulikuwa na nafasi ndogo ya mimi kuacha, iliishia pale.

Nikapanda juu ya boti kwa kishindo. Nikasema sasa nalikunja hili tanga lote, kale ka-aproni kaingie ndani, dada Nyangi akirudi akute kazi imekwisha. Nikakifungua kile kikamba cha katikati kwa sababu kilikuwa kinanizuia kuona. Nikaichomoa kamba ya kukunjia kwenye vile vipete vya pembeni inamopita, kwa sababu niliona vinanipunguzia nguvu, nikavuta moja kwa moja. Ikaja kidogo, ikagoma. Nikavuta kwa mikono miwili, viganja vikateleza. Na wakati huo upepo wa mvua ulikuwa umeanza kuinuka kutoka nyuma yetu, vumbi linatambaa chini, mifuko ya nailoni inaruka, na ka-aproni kakaanza kupigapiga. Watu wakasema, "Vuta, fundi!" Nikachukua mwisho wa kamba, nikauzungusha kiunoni mwangu mara mbili, juu ya mkanda wa suruali, nikafunga fundo, nikakanyaga kwa miguu yote miwili kwenye kibanda cha boti na nikaegemea nyuma kama ng'ombe wa kulimia.

Juu kabisa kukasikika mlio: pwa! Kitu kilikatika. Kamba ikalegea, mimi nikaanguka chali.

Watu walipiga makofi! Nikainuka nikaona kopo linazunguka laini kabisa, huru, halishikwi na kitu. Nimelikwamua! Nikanyanyua mikono yote miwili juu, hivi, kama mtu aliyefunga goli, na nikageuka kidogo kuelekea upande wa mama mkwe ili, kwa heshima zote, aone.

Upepo ulikuja wakati mikono yangu iko juu.

Naomba niseme hili taratibu. Ka-aproni kalijaa, pu, kama shavu. Halafu lile jani la mgomba likaanza kufunguka. Halikufunguka kwa kelele mwanzoni, lilifunguka kwa sauti kama mtu anavuta pumzi ndefu sana, na weupe ukatoka ndani ya weupe, ukazidi kutoka, mimi sikujua kwamba ndani ya kitu chembamba vile kulikuwa na kitu kipana hivyo. Lilipita juu ya kichwa changu, likafunika jua. Kiwanja chote kikapata kivuli. Kulikuwa na madalali mnadani wanapaza sauti tangu asubuhi, wakanyamaza. Ng'ombe kwenye uzio waligeuza vichwa vyote upande mmoja. Sijawahi kuisikia Tarime imenyamaza siku ya mnada, wala sidhani kama nitaisikia tena, na katikati ya ule ukimya mimi Marwa niliyasahau yote, mkwe, suruali, kazi, nikalitazama lile tanga kama mtoto anavyotazama mvua ya mawe.

Sekunde mbili hivi. Maana tanga likifunguka, kopo linazunguka. Na kopo likizunguka, linaikusanya ile kamba. Na kamba mwisho wake ulikuwa kiunoni kwangu.

Niliondoka pale kwa tumbo. Nilipita juu ya kibanda, nikapita juu ya boksi langu la vifaa, bisibisi zikaruka kushoto na kulia, nikashika chuma nikakiachia, nikasikia suruali ya kanisani inaniaga kuanzia kwenye mkanda, na safari ikaishia puani mwa boti, tumbo limebanwa kwenye kopo, kichwa kinaning'inia nje upande wa mbele, miguu nyuma, na kati ya kichwa na miguu hakuna cha kusimulia isipokuwa bukta ya bluu. Kopo likasimama kwa sababu mimi ndiye nilikuwa kizuizi. Tanga lilikuwa limefunguka zaidi ya nusu, limejaa, limekazwa na zile kamba nilizofunga mwenyewe kwa fundo la ng'ombe.

Na boti ikaanza kutembea.

Hakuna injini, hakuna pikapu, hakuna mtu anayesukuma. Kitu kizito kuliko ng'ombe kumi kiliruka jiwe la kushoto kama kokoto na kikaanza kushuka mteremko kwa upepo peke yake, taratibu, halafu si taratibu. Nilikuwa nakiona chote kwa sababu kichwa changu ndicho kilikuwa mbele. Ardhi inakuja. Viazi vinakuja. Wanawake wa Susuni wanakuja. Nikapiga kelele, "Kimbieni! Mama, kimbia!" Na hapo jamani kichekesho kiliisha, maana wale wanawake watatu walikimbia lakini mama mkwe hakukimbia. Nilimwona anasimama, anatazama gurudumu, na kwa mara ya kwanza katika maisha yangu nilimtazama mama mkwe wangu usoni na nikafikiri ninamuua.

Alikamata gunia la viazi, gunia zima ambalo hajauza, kwa masikio yake mawili. Akaliburuta hatua mbili, akalilaza mbele ya njia ya gurudumu la kulia, akaruka pembeni na kanga yake mkononi. Sijui alitoa wapi nguvu. Gurudumu likalipanda gunia, tela likainama, likajipinda upande, likasimama, likawa linasukumana na viazi, na tanga juu bado linavuta, mlingoti na nyaya zake zote zinalia, nikajua upepo ukija mwingine tunalipita gunia au tunapinduka.

Pikipiki ikafika kwa fujo. Nikasikia Otieno, "Mungu wangu! Huyu jamaa amejifunga na kamba!" Dada Nyangi aliruka chini kabla pikipiki haijasimama. Sikumwona akipanda, nilisikia tu miguu yake juu ya boti, haraka lakini bila papara, ikapita kando ya miguu yangu, ikaenda nyuma. Halafu akafanya jambo dogo sana. Alitoa kisu, akaikata demani moja, ile iliyokuwa imekaza.

Nguvu yote ikaisha. Tanga likatoka upande, likaanza kupiga kama radi, pa! pa! pa!, kelele za kutisha, lakini boti ilitulia kama ng'ombe aliyekamuliwa. Lile lidude lililovuta tela zima, lililonyamazisha mnada, alilinyang'anya nguvu kwa kukata kamba moja nyembamba kama kidole. Nilikuwa nimening'inia kichwa chini, damu yote imejaa masikioni, na bado nilishangaa. Nilifikiri: kumbe huyu mwanamke anaongea nalo.

Kabla hajanifikia yeye, kuna kitu laini kikatua mgongoni kwangu kikafunika kule nyuma. Ilikuwa kanga. Mama mkwe alikuwa amesimama chini ya pua ya boti, mgongo amenigeuzia, anahema.

"Mkwe," akasema akitazama mlima, "jifunike."

Watu waliokuwa wameganda wakapasuka kwa kicheko. Sijui mtu gani alianza, "Kapteni! Kapteni wetu!" lakini wakati dada Nyangi ananifungua lile fundo (lilikuwa limekaza mpaka akatumia jino la chuma la kuchokolea mafundo) kiwanja kizima kilikuwa kinaliimba. Nilisimama juu ya pua ya boti nimevaa kanga iliyoandikwa maneno ya kusifu uvumilivu wa mama, nimechubuka kuanzia kidevuni mpaka kitovuni, na nikawa sina mahali pa kuweka uso.

Nilingoja matusi. Yalikuwa halali yake. Boti ile ndiyo maisha yake yote, na ningeweza kuivunja na kuvunja watu nayo. Dada Nyangi alinishika bega, akanibonyeza mbavu kuona kama zimevunjika, akauliza, "Umeumia ndani?"

"Hapana, dada. Nisamehe."

"Hebu angalia juu, fundi."

Nikaangalia. Kwa mara ya kwanza tangu nifike pale, nikaangalia juu. Kileleni kabisa, mahali ambapo tanga linaishia, kulikuwa na kipande cha kamba kuukuu kinapepea, kimekatika. Kamba ya akiba, ya kupandishia tanga jingine, ilikuwa imelegea, ikajizungusha kwenye kichwa cha lile tanga. Kila ukizungusha kopo kwa chini, ile kamba ilizidi kujinyonga kwa juu. Ndiyo iliyokuwa imeshika. Mtu yeyote aliyesimama kiwanjani akanyanyua shingo angeiona. Mimi nilikuwa nimeinama saa nzima natia mafuta kwenye kitu kizima.

"Ndiyo maana nilisema uangalie tu," akasema. Basi.

Akaishika ile kamba ya kukunjia, akairudisha kwenye vipete vyake, akavuta mkono baada ya mkono, na lile tanga kubwa likajikunja taratibu likarudi kuwa jani. Mvua ikaanza. Watu wakakimbilia chini ya malori. Mama mkwe aliokota viazi vyake vilivyopondeka na visivyopondeka, na nilishuka nikamsaidia nikiwa na kanga yake, wote wawili tukitazama chini, na gunia lilipojaa akasema kwa sauti ndogo, "Mwambie Bhoke hiyo kanga aifue." Mpaka leo hajaligusa jambo hilo tena. Nashukuru kuliko ambavyo ningeweza kumwambia.

Jioni ile nilikwenda karakana kwangu nikakata kipande cha bomba, nikakilainisha kwa msasa mpaka kikawa hakina ncha, nikakifanya kuwa kipete cha kuongoza ile kamba ya juu ikae mbali na waya. Dada Nyangi alikuwa amenichorea kwenye karatasi na mara hii nilifuata mchoro. Kesho yake asubuhi tulikifunga mlingoti ukiwa umelazwa. Otieno akaning'inia juu yangu muda wote. "Usijifunge tena, Kapteni," akawa anasema, "hii safari pikapu iko na beringi mpya, tutafika Kinesi na wewe."

Baada ya wiki tatu dada Nyangi alipiga simu akasema njoo Kinesi uone kazi yako. Nilienda na Bhoke. Tulipanda ile boti ikiwa majini, na majini ilikuwa kitu kingine kabisa, ilikuwa inapumua. Tulipofika mbali na majabali alizima injini ndogo ya nyuma, akanipa mimi kamba ya kukunjia, akasema niiachie kidogokidogo huku yeye anavuta demani. Tanga likatoka. Hakuna aliyepiga makofi. Boti ikainama ubavu kidogo, ikashika njia, na maji yakaanza kuongea chini ya sakafu, na hapakuwa na kelele nyingine yoyote, tulikuwa tunakwenda na hakuna kilichokuwa kinatupeleka. Bhoke akanishika mkono. Nilitaka kumweleza jinsi kile kipete cha juu kinavyofanya kazi, nikafungua mdomo, nikaufunga. Nilikuwa nalia, jamani, sitawaficha.

Dada Nyangi akatazama mikono yangu. Bila kujua nilikuwa nimeanza kuizungusha ile kamba kwenye kiganja, mzunguko mmoja, ili niishike vizuri.

"Fundi," akasema.

Nikaufungua mzunguko ule. Nimeapa tangu siku hiyo, na kiapo hiki ni cha kamba, cha kazi, na cha maneno ya kinywa changu pia: kitu ambacho nguvu yake siijui nakishika kwa mkono ulio wazi, ili kikitaka kwenda, kiende bila mimi.